Albamu nilizoshonea magauni ya sendofu mwezi huu

Ngoja nianze na ajali, maana bila hiyo ajali hata nisingekaa kuandika. Flashi yangu ya sabufa imekufa. Ilikuwa na nyimbo elfu na kitu, nimezikusanya toka sijui lini, zimechanganyikana ka pilau la shughuli, taarabu inafuatiwa na Bongo Fleva inafuatiwa na kwaya, na mi nilishazoea hivo hivo. Sasa dogo anayejifunza kazi kwangu akaichomoa huku inaimba, akaenda kuichomeka kwenye kompyuta ya watu ili aongezee singeli zake, ikarudi haisomi. Nikamwangalia, akaniangalia, akasema dada ilikuwa na virusi. Virusi! Toka hapo nikimwona anagusa waya wowote napiga kelele.

Na ndo wiki hiyo hiyo nimepokea kazi ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti anayeolewa, magauni 22 ya kitenge, sare ya upande wa mama wa binti, wiki 3. Mi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mji kasoro bahari, nakaa barazani na mashine mbili, ya umeme moja na ya kukanyaga moja, na kushona kimya kimya siwezi, nikikaa kimya naanza kuwaza madeni. Nikaamua basi, naweka bando, natafuta albamu nzima nzima, naiacha icheze toka wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho bila kurukaruka. Usomi wa muziki sina, shida ni mikono tu, ukishaingiza kitambaa kwenye sindano huwezi kuachia ukaguse simu, ndo mwanzo wa mshono kwenda Dodoma. Kwa hiyo hii rivyu ni ya fundi, albamu naipima hivi: nimefika wapi kwenye gauni kabla sijatamani kunyanyuka nikaizime.

Nimeanza na Dokta Remmy Ongala na Super Matimila, Songs for the Poor Man ya 1989. Yaani watu Dar kila siku wanashuka Sinza kwa Remmy, ukimuuliza konda kijana huyo Remmy ni nani anakwambia ni kituo. Mtu kazaliwa Kindu huko Kongo 1947, akaja Dar 1978 kupiga kwenye bendi ya mjomba wake Mzee Makassy, baadae akawa na Matimila, na akaishia kuimba Kiswahili kinachouma kuliko sisi tuliozaliwa nacho. 1988 walialikwa kwenye matamasha ya WOMAD huko Uingereza, na hii albamu ikarekodiwa kwenye studio za Real World za yule mwanamuziki Peter Gabriel, ndo maana jina la Kizungu lakini ndani Kiswahili kitupu.

Kitu cha kwanza unachosikia ni magitaa. Moja linatambaa chini halichoki, jingine linajibu, la tatu linaingia kwa juu ka mtu anayepita barazani akasalimia akaondoka. Na yamerekodiwa safi kiasi kwamba kila waya unausikia peke yake, hata kwenye sabufa yangu ambayo spika moja inakwaruza. Nyimbo ni ndefu, za dansi lenyewe, inaanza hadithi taratibu, anakueleza shida zake na zako, halafu baadae ndo linakuja chemko, ile sehemu ya mbio ya kuchezea. Kwa fundi hiyo ni raha aisee, wakati wa hadithi napima na kuweka chaki, chemko likianza mguu unakanyaga wenyewe. Siku ya kwanza nimemaliza magauni mawili na mikono yake, zipu nikaacha kwa ajili ya kesho.

Kuna mzee alikuwa anapita na baiskeli, akasikia Sauti ya Mnyonge, akasimama, akaegesha baiskeli kwenye nguzo yangu, wimbo ulipoisha akasema "Asante fundi", akaondoka. Hakuleta hata suruali ya kupunguza lakini sawa.

Lawama yangu kwa hii albamu ni moja. Usafi wake umezidi kidogo. Remmy ni mtu wa ukumbini, jasho, bia, watu wanajibu, na hapa unamsikia kwenye chumba kitulivu cha Wazungu, ka bwana harusi aliyeambiwa asisogee asije akachafua suti. Lakini sauti yake ile ya kukwaruza inapita humo humo. Kipenda Roho nimeirudia mara 3 nikavunja sheria yangu mwenyewe ya kutorudia. Nikajaribu pia Mambo ya 1992, hiyo kuna nyimbo anaimba Kiingereza, na Remmy akiimba Kiingereza anakuwa mgeni kwenye nyumba yake mwenyewe, nikaifikisha nusu gauni nikazima. Mnisamehe mashabiki.

Sasa huwezi kuishi Moro ukasikiliza bendi ya Dar tu, watu wazima wanakuangalia vibaya. Jirani yangu anayeuza ndizi aliniuliza kabisa, we dada, Mbaraka umemweka wapi? Basi nikatafuta Masimango, mkusanyiko wa Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Huyu ndo wetu. 1970 walikwenda mpaka Osaka, Japani, kwenye maonyesho yale ya Expo, bendi ya kutoka hapa hapa chini ya Uluguru, 1973 akatoka akaanzisha bendi yake Super Volcano, na Januari 1979 akafa kwa ajali ya gari huko Mombasa. Na kabla yake Salum Abdallah wa Cuban Marimba alishakufa 1965, ajali ya gari vile vile. Mji mmoja mdogo hivi, magwiji wawili, barabara imewala wote wawili. Yule jirani akianza kusimulia haya mambo anaacha kabisa kuuza ndizi.

Kama albamu lakini haishikani sana na haiwezi kushikana, zile zilikuwa santuri ndogo ndogo, wimbo mmoja huku mwingine kule, zimekuja kukusanywa miaka mingi baadae. Unasikia kabisa wimbo huu umerekodiwa siku nyingine na ule siku nyingine. Ila gitaa la solo la Mbaraka jamani, linaongea. Mi gitaa sijui lakini najua mtu anayeshona bila kuchora, anaweka mkasi tu na kitambaa kinatii, basi ndo yule. Ushauri wa bure: ukiipiga kwenye sabufa punguza besi mpaka mwisho, rekodi za zamani besi yake ni ya kukisia, ukiacha ya kawaida inavuma tu ka mashine ya kusaga na gitaa hulisikii. Magauni: moja na nusu.

Kisha nikaingia kwenye ujana wangu. Machozi, Jasho na Damu ya Professor Jay, 2001. Hii tulikuwa nayo kwenye kanda, kanda yenyewe ilikuwa ya kaka, tulikuwa tunairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic ili betri za redio zisiishe, na kanda haina kurukaruka, unataka wimbo wa 5 unapitia wa 4. Ndo maana kizazi chetu albamu tunazijua kwa mpangilio, wimbo ukiisha kichwa kinaanza kuimba unaofuata kabla haujaanza. Nimeiweka baada ya miaka sijui mingapi na mdomo ukaanza kwenda wenyewe, dogo akabaki ananitolea macho, hakujua dada naye ni mwana hip hop.

Biti za prodyuza P-Funk nyingine zimezeeka, kinanda chepesi, ngoma kavu, sitadanganya. Hadithi ndo hazijazeeka. Ndio Mzee ile ya mwanasiasa anaahidi na umati unaitikia, mwaka ule tulicheka, halafu 2015 huyo huyo Jay akagombea akawa mbunge wa Mikumi, mkoa wetu huu huu, mpaka 2020. Kwa hiyo sasa hivi unaisikiliza ukiwa na kicheko cha aina mbili. Tatizo la rap kwenye kazi yangu ni kwamba inahitaji masikio na masikio yakienda macho nayo yanafuata, nimeunga mkono wa kulia upande wa kushoto kwenye gauni la mama mkubwa wa bi harusi, nikafumua, nikaunga tena vile vile. Mara mbili! Albamu nzuri sana, usishonee.

Sauti Sol, Midnight Train, 2020. Hii niliihifadhi kwa ajili ya kupiga pasi na nilipatia. Wale jamaa wakipanga sauti nne unasikia ka shuka limetandikwa na watu wawili kila mmoja kashika ncha yake, hakuna mkunjo. Insecure na Suzanna ndo zilishazoeleka mtaani, ila nilichopenda ni kule mwishoni mwishoni wanapoacha adabu. Disco Matanga kwa mfano, jina lenyewe ni zile disko za usiku Magharibi mwa Kenya watu wanacheza kuchangia msiba, na Rhumba Japani wamewaita vijana wao kibao wanapokezana, hapo ndo dogo alinyanyua kichwa kwa mara ya kwanza wiki nzima. Ila ukweli wangu niuseme, albamu yenyewe nayo imepigwa pasi mno. Kuna marinda yanatakiwa yabaki jamani, we unapiga pasi mpaka rinda linakuwa bapa! Nusu ya kwanza inapita ka maji, unashtuka uko wimbo wa 6 na hukumbuki wa 3 ulikuwaje. Na Kiingereza kingi, wateja wangu wa umri fulani waliuliza kama hakuna kitu kingine.

Only One King ya Alikiba ya 2021 sitaichelewa. Sauti ya Kiba hakuna ubishi, ana lile koo la mwambao mambo yakimkolea, na Utu ni wimbo unaoweza kuupiga mbele ya bibi na mjukuu wote wakanyamaza. Lakini albamu nzima ni wageni, huyu wa Nigeria, yule wa Ghana, hao wengine wa Afrika Kusini, mpaka unamwonea huruma mwenye nyumba, anaandaa chai tu hana nafasi ya kukaa. Na hii siyo ya Kiba peke yake, A Boy from Tandale ya Diamond ya 2018 ni hivo hivo, Rick Ross yumo, Ne-Yo yumo, Omarion yumo, wa Tandale mwenyewe unamtafuta kwa tochi. Wimbo mmoja mmoja ni mzuri, nakubali, nimeicheza yote miaka ile kwenye kila harusi. Ukiziweka pamoja ndo unaona, ni suti iliyoshonwa na mafundi wanne ambao hawajawahi kuonana, koti huyu, suruali yule, kila mmoja kazi yake safi na ukivaa unaonekana umeazima. Remmy na watu wake walikaa chumba kimoja wakaangaliana usoni, na hilo linasikika hata kwa mtu ka mimi nisiyejua noti hata moja. Nilishona robo gauni, nikaizima, nikaenda kununua uzi.

Sasa nifike kwenye yenyewe. Hii nimeikuta kwa bahati tu, ilijicheza yenyewe baada ya taarabu fulani kuisha. Siti of Unguja ya Siti Muharam, imetoka 2020 kwa lebo ya London inaitwa On the Corner. Huyu dada ni kitukuu wa Siti binti Saad, yule yule wa Fumba, binti wa mama mfinyanzi aliyekuwa anauza vyungu, aliyekwenda Bombay 1928 kurekodi santuri za Kiswahili wakati huo hata redio hatuna, mpaka Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Kitukuu sasa anaziimba nyimbo za bibi.

Usiku huo umeme ulikatika, zimebaki siku 6 kwenye wiki zangu 3, nikahamia mashine ya kukanyaga na taa ya kuchaji, simu ina asilimia 30, nikaweka hedifoni sikio moja. Inaanza pole pole mno, udi unakohoa kidogo, ngoma iko mbali, na sauti inaingia bila haraka yoyote ka mtu anayejua utamsubiri. Nilikuwa na wasiwasi maana prodyuza Wazungu wakishika taarabu mara nyingi wanaifanya ya hotelini, ya kumwagia watalii wakiwa wanakula pweza. Hapa wamejizuia. Wameweka vitu vyao, mingurumo ya chini chini na sauti za kielektroniki kwa mbali, lakini wamevikalisha nyuma ka bitana ya gauni, hauioni ila ndo inafanya gauni likae. Sijui nieleze vipi zaidi ya hapo. Bitana nzuri mteja haisifii kamwe, anasema tu gauni limenikaa.

Halafu ikaja Kijiti. Wengi tumeisikia kwa Bi Kidude, na Bi Kidude akiimba ni ka anakugombeza wewe binafsi. Hii ni kisa cha kweli cha zamani Unguja, mwanamke mgeni kaja kutembea, mwanaume anaitwa Kijiti akamchukua wakaenda ngomani, akamuua, akatoroka. Wimbo ulikuwa ndo gazeti la wanawake wa wakati ule, kesi inaongelewa kwa udi na fidla kwa sababu kortini hawakusikilizwa. Siti Muharam haigombezi, anaisimulia kwa upole kabisa, na upole ule ndo ulinitoa machozi nikiwa nimekanyaga mashine saa 5 usiku, karibu miaka 100 imepita na hicho kisa ukibadilisha jina tu ni cha juzi. Nikasimamisha mguu. Hiyo ndo albamu pekee mwezi huu iliyonisimamisha kazi na sikukasirika.

Sijaipa alama kwa gauni maana nilishona pindo moja tu usiku mzima. Nimeirudia mara 4 toka hapo, zote usiku. Mchana haifai, mchana pikipiki zinaila. Na ni fupi, ukizoea inaisha, hicho tu ndo kinyongo changu.

Mwisho dogo naye akadai haki yake. Dada mwezi mzima tunasikiliza wazee na watu wa kulia, na mimi je? Nikasema haya, albamu moja, lakini iwe albamu, siyo wimbo mmoja mmoja. Akaweka Singeli Ya Maajabu ya Sisso na Maiko, 2024, wameitoa wale Nyege Nyege Tapes wa Kampala. Nilidhani simu imeharibika. Nakwambia singeli ya harusini naijua, ya kina Msaga Sumu, ile ina mtu anaongea unapata pa kushikilia, hii karibu yote ni mashine tupu zinafukuzana, vinanda vinalia ka vikatuni, spidi mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ukisema uhesabu unapata kizunguzungu. Wimbo wa pili nikasema zima. Dogo akasema dada subiri.

Nikasubiri, na ntakuwa mkweli, kuanzia wa nne hivi kuna kitu kikafunguka. Ukiacha kuifuata na kuiacha ikuzunguke, unaanza kusikia wamepanga, huku kuna kinanda kinarudia kauli ile ile ka muuza maji, huku kitu kinaingia kinaanguka kinaamka, na kote kuna utani, hawa jamaa wanacheka huku wanafanya kazi. Ile mchiriku, muziki wa zamani wa uswahilini wa vinanda vya Casio na spika za kuazima, iko humo ndani ukitega sikio, imenyweshwa tu kitu. Na wamekaa chumba kimoja hao, unasikia, mmoja anamchokoza mwenzake papo hapo. Kwa hiyo kwenye kipimo changu cha suti ya mafundi wanne, singeli ya watoto wa Dar imempita mfalme. Sikutegemea kuandika hiyo sentensi.

Kazi nayo ilienda, we acha tu. Mguu wenyewe unakimbia, magauni mawili yaliyobaki tumeyamaliza kabla ya adhuhuri mimi na dogo, rekodi ya baraza. Tukajipongeza kwa soda.

Jioni akaja mama wa binti kuchukua mzigo, akachambua moja moja, 20 akaweka pembeni anatabasamu. Yale mawili akayanyanyua juu kwenye mwanga, akaniuliza fundi, hii mistari ya pembeni ni mshono mpya au? Nikachungulia. Mshono umepinda ka njia ya kupanda Uluguru, tena pande zote mbili, na ovaloki imekula kitambaa.

Kwa hiyo kesho nafumua magauni mawili toka kwapani mpaka pindo, na sendofu ni Jumamosi. Kufumua ni kazi ya polepole, wembe mkononi, inataka kitu kirefu, kisicho na haraka, Kiswahili ikiwezekana, na Siti nimeshamchosha. Mwenye albamu nzima ya kupendekeza aiseme mapema, bando langu linaisha saa 6 usiku.